Mutoto Anasema Ataishi kwa Mupira: Tuangalie Maisha ya Beki Mumoja



Juma hii tunaandika juu ya mupira wa miguu. Tunajua wamoja kati yenu wako tayari kugeuza ukurasa, waseme hayo ni mambo ya wababa na ya vijana wenye kushinda kwenye kona na telefone mukononi. Musigeuze. Mwanzo wa mwaka wa masomo tuliomba watoto wa darasa letu la sita waandike kazi yenye wanataka kufanya wakiwa wakubwa. Zaidi ya nusu ya vijana wanaume waliandika "muchezaji wa mupira Ulaya". Mumoja aliandika "Mbappé" tu, kama vile ni jina la kazi.

Sisi hatuchekelei ndoto ya mutoto. Hapa kwetu tunafundisha watoto wenye walikimbia vita upande wa Beni, na mara nyingi mupira wa mifuko na kamba ndiyo kitu cha kwanza chenye kinawafanya wazungumuze na wenzao. Hakuna mwalimu atakataza hiyo. Lakini ndoto ya mutoto haichelewi kufika kwenye feza ya mama, na hapo ndipo tunataka kusema.

Tunawaletea maisha ya mutu mumoja. Si Mbappé, wala Messi. Ni beki, mwenye alicheza miaka mingi katika divizioni za chini za Uingereza, na ni mutoto wa nchi yetu. Anaitwa Gabriel Zakuani.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 31 mwezi wa 5, 1986. Alikuwa angali mutoto mudogo wakati familia yake ilihamia London, miaka ya kwanza ya 1990. Ilikuwa nyakati za Zaire. Kinshasa iliporwa mara mbili, 1991 na 1993, na sisi wenye tuko na miaka thelathini na kitu tulikua tukisikia wazazi wakitaja uporaji huo kwa sauti ya chini. Musome vizuri hapo, wamama: huyu mutoto hakwenda Ulaya kwa sababu ya mupira. Alienda pamoja na familia yake, akakulia huko, na huko ndiko mupira ukawa kazi yake. Hakuna mutu mwenye alikuja Kinshasa kumuchukua na bahasha.

Ekipe yake ya kwanza ya kazi iliitwa Leyton Orient, ekipe ndogo ya upande wa mashariki wa London. Alianza kucheza na wakubwa kabla hajatimiza miaka 18. Leyton Orient wakati huo ilikuwa katika divizioni ya nne. Tueleze kidogo ngazi hizo, kwa maana vijana wetu wanajua ile ya juu tu. Huko juu kuna Premier League, ekipe 20, ndiyo ile yenye tunaona kwenye televizyo. Chini yake kuna divizioni tatu, kila moja na ekipe 24: Championship, League One, na League Two. Ni ekipe 72, na karibu zote hazijulikani hapa Butembo. Kila ekipe inacheza mechi 46 za ligi kwa musimu mumoja, kuanzia mwezi wa 8 mpaka mwezi wa 5. Siku ya Posho, kisha tena siku ya pili ya juma, kwa baridi, kwa mvua, mara nyingi mbele ya watu elfu chache. Ni kazi ya jasho. Beki anaruka, anapigwa kiwiko usoni, anaanguka kwenye matope, anasimama.

Tena beki ni mutu mwenye haimbiwi. Yule wa mbele akikosa goli mara tano na akapata la sita, watu wanamubeba mabegani. Beki akizuia mara tano na akakosa ya sita, watu wanarudi nyumbani wakitaja jina lake pamoja na matusi. Wamama munaelewa hiyo bila sisi kueleza. Sufuria yenye haikuungua haitajwi na mutu.

Mwaka wa 2006 Leyton Orient ilipanda mpaka divizioni ya tatu, na mwaka huohuo Fulham, ekipe ya Premier League, ikamununua Zakuani kwa pauni milioni moja. Alikuwa na miaka 20. Tuwazie mama mwenye anasikia habari kama hiyo: mutoto wangu, milioni moja! Angeweza kupiga vigelegele mpaka Mususa wasikie. Basi, huko Fulham hakucheza hata mechi moja ya ligi. Hata moja. Walimukopesha kwa Stoke City. Ndiyo, wachezaji wanakopeshwa, kama vile sufuria kubwa ya kikundi chetu yenye inaenda kupikia harusi ya jirani na kurudi. Kisha, 2008, wakamukopesha kwa Peterborough United, na 2009 Peterborough wakamuchukua kabisa.

Peterborough ni muji wa kaskazini ya London, na hapo ndipo alikaa kwa muda murefu kuliko mahali pengine. Muangalie namna miaka hiyo ilikwenda. 2009 ekipe ilipanda kuingia Championship. 2010 ikashuka. 2011 ikapanda tena, kisha kushinda Huddersfield 3 kwa 0 katika mechi ya mwisho ya kutafuta nafasi. 2013 ikashuka tena, na safari hiyo ilikuwa na pointi 54. Mbele ya hapo hakuna ekipe ya Championship yenye ilikuwa imeshuka na pointi nyingi hivyo. Siku ya mwisho ya musimu walienda kucheza kwa Crystal Palace, wakapoteza 3 kwa 2, na kazi ya mwaka muzima ikaanguka. 2014 walibeba kombe la ekipe za divizioni za chini pale Wembley, wakapiga Chesterfield 3 kwa 1. Kupanda, kushuka, kupanda, kushuka. Ni kama bei ya maharagwe.

Kisha hapo alienda Ugiriki, ekipe ya Kalloni, kwa muda mufupi, akarudi Peterborough. 2016 akaenda Northampton, muji wenye ulijulikana zamani kwa washona viatu, na mpaka leo ekipe yake inaitwa kwa jina la utani la washona viatu. 2017 akaenda Gillingham. 2019 akaenda Swindon, akiwa na miaka 33.

Kwa nini tunahesabu hivi kama mutu wa duka? Kwa sababu kila jina hapo ni mukataba. Katika divizioni hizo mikataba mingi ni ya mwaka mumoja ao miwili, na inaisha tarehe 30 ya mwezi wa 6. Mwezi wa 5, kisha mechi ya mwisho, kila ekipe inatangaza majina ya wenye wanabaki na ya wenye wanaachwa. Muchezaji mwenye yuko na muke na watoto shuleni anangojea karatasi hiyo kama vile sisi walimu tunangojea lisiti ya mushahara, na akiachwa anatafuta ekipe ingine, pengine katika muji wenye hajawahi kufika. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 15. Kwa maoni yetu hiyo ni kazi ya heshima sana. Lakini ni kazi, wala si bahati ya siku moja yenye inalipa deni zote za familia.

Na ninyi nyote mulimuona, hata kama hamukujua jina lake. Mwanzo wa 2015, kwenye Kombe la Afrika huko Ginekweta, alikuwa katika ekipe yetu ya taifa, chini ya kochi Florent Ibenge. Katika robo fainali Kongo-Brazzaville walitangulia kwa magoli 2, na Leopards wakarudi kushinda 4 kwa 2. Nani hapa alilala usiku huo? Kodivaa wakatuzuia katika nusu fainali. Kisha tarehe 7 mwezi wa 2, huko Malabo, tukashinda Ginekweta kwa penalti na kuchukua nafasi ya tatu. Kila mutu anakumbuka Kidiaba akiruka chini kwa matako. Wenye walisimama mbele ya Kidiaba, hao watoto hawawaigi uwanjani.

Gabriel yuko na mudogo wake, Steve, na habari yake inatugusa sisi walimu kwa njia ingine. Yeye pia alizaliwa Kinshasa, 1988, na alikuwa muchezaji wa mbele, mwenye mbio sana. Akiwa kijana alikuwa katika watoto wa Arsenal, lakini hawakumubakiza. Wazazi wengi wangesema basi, imeisha. Yeye akavuka mpaka Marekani, akaingia chuo kikuu cha Akron, katika jimbo la Ohio, akicheza na kusoma. Kutoka hapo, mwezi wa 1 wa 2009, akawa kijana wa kwanza kuchaguliwa kati ya wote wenye walikuwa wanaingia ligi ya Marekani, na ekipe ya Seattle ndiyo ilimuchukua. Tarehe 22 mwezi wa 4, 2011, mupinzani alimuingilia kwa nguvu na kumuvunja muguu, mifupa yote miwili ya chini ya goti. Alikaa zaidi ya mwaka bila kucheza. Alirudi 2012, lakini 2014 akaacha mupira kabisa. Alikuwa na miaka 26.

Miaka 26! Kuna walimu wenzetu wenye katika umri huo wangali wanangojea namba ya matrikule, na yeye tayari alikuwa amemaliza kazi yake ya kwanza. Alichokuwa nacho ni kichwa chake na masomo ya chuo kikuu, na akaendelea kufanya kazi na vijana.

Sasa turudi kwetu, maana si kwa ajili ya London tunaandika.

Mwaka huu, mutu mumoja alikuja katika muji wetu. Jina lake hatuliandike, wala ekipe yenye alisema anaitumikia. Alimuona kijana wa miaka 16 akicheza Siku ya Yenga, akamufuata nyumbani, akamuambia mama yake ya kuwa kuna majaribio katika nchi moja ya Ghuba, na kutoka huko mutoto ataingia Uingereza. Alikuwa na karatasi yenye muhuri. Aliomba dola 700: paspoti, viza, tiketi, na "kazi ya ofisi". Alitaka feza mbele ya mwisho wa mwezi, juu nafasi zilikuwa mbili tu na familia ingine ilikuwa tayari.

Mama huyo ni memba wa AVEC yetu. Anauzisha maharagwe kwenye soko, na baba ya watoto hayuko. Alikuja kuomba mukopo. Munajua sheria ya AVEC: hakuna mutu anakopa zaidi ya mara tatu ya akiba yake. Yake ilifika kwa nusu ya feza hiyo. Basi akaomba wamama wawili wakope kwa majina yao na kumupatia. Kasha lilikuwa hapo katikati yetu, limefunguliwa, kufuli zake tatu kwenye meza, na hakuna mwenye alisema kitu kwa muda.

Kisha tulisema wote pamoja. Mama muzee mumoja aliuliza: "Na kama ni Mungu amefungua mulango, sisi ndio tutaufunga?" Swali hilo lilikuwa zito, na hatukulijibu haraka. Mama mwingine alisema mutoto wa dada yake alipita Kasindi kwa habari kama hiyo, akabaki Kampala akiosha magari. Sisi tulikuwa na kalamu tu na telefone yenye chaji kidogo. Tukaomba siku tatu tusome.

Yenye tulisoma ndiyo haya, na muyaweke mahali, pengine kwenye ukuta.

Sheria ya FIFA, yenye iko tangu 2001, inakataza muchezaji wa chini ya miaka 18 kuandikishwa katika ekipe ya nchi ingine. Kuna ruhusa chache, na kubwa yake ni hii: wazazi wenyewe wamehamia nchi hiyo kwa sababu yenye haihusu mupira. Ndiyo njia ya familia ya Zakuani! Kuna ruhusa ya vijana wa 16 mpaka 18 ndani ya nchi za Ulaya zenye kuungana, na ya watoto wenye wanaishi karibu sana na mupaka. Kijana wa Vulamba mwenye miaka 16 haingii katika hizo. Na Uingereza, tangu mwanzo wa 2021, ekipe zake haziwezi kuchukua mutoto wa chini ya miaka 18 kutoka nchi ingine yoyote, hata Ufaransa. Kisha 18 pia kuna ruhusa ya pekee yenye kuhesabiwa kwa pointi: mechi za ekipe ya taifa, ligi yenye ulicheza, na mengine. Mupira wa avenyu hauna pointi hapo, hata uwe mutamu namna gani.

Ya pili: ajenti wa kweli, tangu mwezi wa 10 wa 2023, anapaswa kuwa na lisensi ya FIFA yenye anaipata kwa mutihani, na majina yao yanaonekana kwenye intaneti ya FIFA. Malipo yake ni sehemu ya mushahara wa muchezaji, kisha mukataba kuwekwa saini. Mama halipi ajenti kwa feza ya maharagwe.

Ya tatu inahusu sisi wenyewe: cheti cha kuzaliwa. Sheria ya familia ya nchi yetu inasema mutoto anaandikishwa bure ndani ya siku 90. Watoto wengi darasani kwetu hawana karatasi hiyo, na wenye walikimbia vita waliacha nyaraka zote kwenye nyumba zenye ziliungua. Mutoto bila cheti anafanyiwa cheti na mwenye anataka, na miaka yenye anataka. Kesho anapokuwa na kipawa cha kweli, nani atasadiki umri wake?

Na ya ine, tuliisoma kwa furaha kwa kuwa ni yetu: huko Uingereza kwenyewe, vijana wa miaka 16 mpaka 18 wenye kujifunza kazi hiyo ndani ya ekipe wanapaswa kusoma pia, kwa maana ekipe zinajua ya kuwa wengi wao wataachwa. Kama wao, wenye nyasi nzuri na madaktari na viatu vipya, hawaachi daftari, kijana wetu mwenye anakimbia masomo ya saa sita ili akacheze anafuata mufano wa nani?

Siku ya tatu tulimupigia yule mutu telefone mbele ya mama, tukamuuliza jina lake lote kama liko kwenye orodha ya FIFA. Alisema orodha hiyo ni ya Wazungu. Tukamuuliza namna gani mutoto wa miaka 16 ataandikishwa. Alisema umri unatengenezwa. Tukamuomba aje kwenye mukutano wa AVEC aeleze mbele ya wote. Alisema atakuja. Hakuja, na kutoka hapo telefone yake haipite.

Tusidanganye: hakuna sherehe yenye ilifuata. Kijana alikasirika vibaya. Alikaa majuma bila kusalimia wamama wa AVEC njiani, na alimuambia mama yake kwamba wamama wenye wivu ndio walimuharibia maisha. Yule mama muzee mwenye aliuliza juu ya mulango anasali kwa ajili yake mpaka leo, na hatuna neno la kumuambia. Mama mwenyewe, siku zingine, tunaona anawaza. Dola 700 zingekuwa zimepotea, hilo anajua, lakini moyo wa mama hauhesabu kama karani wa kasha.

Mwezi wenye kufuata alikopa feza kidogo, ndani ya haki yake, akaongeza mifuko miwili ya maharagwe. Kwa faida ya kwanza alimununulia kijana viatu vya mupira vya mutumba. Kijana anaendelea na masomo, yuko mwaka wa ine wa humanite, na Siku ya Posho anacheza katika ekipe ya karchie. Juzi mama alikuja na habari: kochi amemutoa mbele na kumuweka nyuma, na kijana hafurahi hata kidogo. Tulimuambia habari ya Zakuani yote, kama tumewaandikia hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: kama beki analipwa sawa na wengine.

Tulimujibu ya kuwa huko League One analipwa, mwezi kwa mwezi, mpaka tarehe 30 ya mwezi wa 6.